Mlango wa Pweza

Majirani zetu wa Kijenge walipima watoto wao. Mtoto anasimamishwa mlangoni, daftari linawekwa juu ya kichwa, mstari unachorwa, basi. Baba yangu alipima pweza. Tumezaliwa watano, na hakuna hata mmoja wetu anayejua alikuwa na urefu gani alipoanza darasa la kwanza, lakini pweza wa mwaka huo tunaweza kukuonyesha mpaka ncha ya mkono wake wa mwisho, mnyiri kwa lugha ya Baba.

Nieleze vizuri, maana najua mtu wa Arusha akisikia neno pweza anashika tumbo. Baba alizaliwa kwenye ghuba moja ya pwani, kusini ya Tanga. Alikuja Arusha kijana kujifunza ufundi wa malori, akasema atakaa mwaka mmoja, akakaa maisha. Kila mwaka, wiki chache kabla ya Ramadhani, mama yake alimletea kapu kwa basi. Ndani mlikuwa na ng'onda wa samaki waliopasuliwa na kukaushwa, dagaa, nazi mbili tatu za kuonyesha kwamba nazi za sokoni kwetu ni takataka, na juu kabisa, amekunjwa na kufungwa kwa ukindu, pweza mmoja mkavu. Mmoja tu, lakini mkubwa kuliko wote waliopatikana mwaka ule. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwao: pweza mkubwa wa mwaka ni wa mtoto wa kwanza wa kiume, hata akiwa amehamia mlimani kwenye baridi na watu wasiojua kula.

Bibi alipofariki, kazi ya kapu ikamwangukia shangazi, mdogo wake Baba wa kike, ambaye alikuwa anavua pweza mwenyewe. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, zile siku chache za mwezi bahari inaporudi mbali, yeye na wanawake wenzake hutembea mwambani na vijiti, wanachokoa mashimo.

Harufu ya kapu lile ni Mungu tu anayeijua. Karani wa basi alikuwa anapiga simu kabla basi halijazima injini: "Njooni mchukue maiti yenu." Na Mama, ambaye ni Mmeru wa kule juu ya Kikatiti, aliyekulia kwenye ndizi na maziwa, alisilimu akaolewa, akajifunza wali wa nazi, akafunga Ramadhani zote bila kukosa, ila pweza alimshinda. Alisema siku Mungu anamuumba huyu mnyama alikuwa anafuta meza tu, akakusanya mabaki. Baba akasema, "Astaghfirullah, mke wangu!" Mama akasema ndiyo, lakini mwangalie vizuri.

Upimaji ulikuwa ibada kamili. Baba anaoga, anavaa kanzu, anatoka na pweza wake kama anapeleka posa. Nyuma ya nyumba tulikuwa na stoo yenye mlango wa mbao, na juu ya mlango huo kulikuwa na msumari mmoja. Pweza ananing'inizwa hapo kwa kichwa, ananyooshwa, na pale mnyiri mrefu kuliko yote unapoishia Baba anakwaruza mstari kwa bisibisi, anaandika mwaka pembeni. Kwa hiyo alama ikiwa chini, pweza ni mkubwa. Ikiwa juu, ni mdogo. Alama za enzi za bibi zilikuwa chini ya kitasa, karibu na magoti ya mtu mzima.

Mimi ndiye niliyeshika mkia wa zoezi hilo miaka yote, kwa sababu nilikuwa kitinda mimba na sikuwa na ujanja wa kukimbia. Kazi yangu ilikuwa kushika uzi, kuhakikisha mstari umenyooka. Na nakumbuka kitu kimoja ambacho mpaka leo kinaniuma kwa upumbavu wangu: kila mwaka alama mpya ilikuwa usawa wa macho yangu. Nikiwa mdogo, usawa wa macho. Nikiwa sekondari, usawa wa macho. Nikiwa msichana wa kuposwa, bado iko hapo hapo mbele ya macho, nami nikaona mambo ni yaleyale. Sikufikiria hata siku moja kwamba mimi nilikuwa narefuka na alama zilikuwa zinanifuata.

Baba yeye aliona. Tatizo ni kwamba aliona vibaya.

Akishamaliza kukwaruza alirudi nyuma hatua mbili, akatia mikono kiunoni, akasema sentensi yake. Mwaka hadi mwaka haikubadilika hata neno: "Mdogo huyu. Wakubwa kamwachia nani?" Kisha anachukua simu. Zamani alikuwa anakwenda kupiga posta, na kwenye foleni ya posta alimweleza kila mtu. Alivyoelewa yeye, desturi haijabadilika na bahari haiishi, kwa hiyo kama pweza ni mdogo basi kuna mtu kamficha mkubwa. Mtu huyo ni dada yake. Anauza wakubwa kwa wachuuzi. Anawapa wakwe zake. Anakula mwenyewe kafunga mlango.

"Kaka," shangazi alikuwa anajibu, tukisikia sote maana Baba alisikiliza simu kaiweka mbali na sikio, "bahari si gereji, huwezi kuagiza saizi."

"Enzi za mama saizi zilikuwepo!"

"Nisikilize basi nikueleze..."

Hapo anakata. Fundi hodari, ukimletea lori linalokohoa atakaa nalo kimya asubuhi nzima akilisikiliza, lakini dada yake hakumpa dakika mbili. Na yeyote wa kutoka ghuba ile aliyepita Arusha, awe amekuja hospitali, awe amekuja kutafuta kazi, alilishwa, akanyweshwa chai, kisha akafunguliwa kesi. Alirudi kwao na ujumbe: mwambieni yule mwanamke aache choyo. Miaka yote hiyo. Harusi ya binti wa shangazi Baba hakwenda, alisema ana gari la mteja. Nilikwenda mimi kumwakilisha, na wazee wa kule wakaniuliza wanacheka, "Wewe ndiye mtoto wa yule wa Arusha anayelalamika?" Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu ukafika mwaka ambao kapu halikuja.

Tuliuliza kwa karani wa basi mara tatu. Mara ya tatu akasema kwa kweli hata yeye ameanza kuikumbuka ile maiti. Baba akapiga simu. Kwa mara ya kwanza hakukata haraka, kwa sababu alichosikia kilimchanganya.

"Mmefunga mwamba?" akasema. "Mwamba unafungwaje? Una kitasa?"

Shangazi alikuwa kiongozi wa wanawake waliokubaliana kwamba upande mmoja wa mwamba, ule mzuri, mtu asiukanyage kwa miezi kadhaa, pweza wakue. Hata yeye. Hata kwa ajili ya kapu. Hasa kwa ajili ya kapu, alisema, maana akianza yeye kuchukua mmoja wa kaka yake, kesho kila mtu ana kaka.

Baba aliweka simu mezani taratibu. Akasema hana dada. Akasema maneno mengine ambayo sitayaandika kwa sababu amekwisha kufa na mimi bado naogopa.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Mzee," akasema, "kwetu mfereji ukipungua maji tunapanga zamu. Leo shamba lako, kesho la jirani. Toka walipopanda mikalitusi kule juu maji yamekuwa ya kulambishana, na bado zamu inafuatwa. Anayefungulia siku isiyo yake anatozwa mbuzi, na anasimama mbele ya watu kusema nimekosa. Wifi amepanga zamu ya bahari. Sasa wewe unalilia nini?"

"Bahari si mfereji."

"Haya. Basi mwambie iongeze."

Baba alivaa kofia akaenda msikitini saa moja kabla ya adhana. Alikuwa hajazoea kushindwa na mtu anayemenya ndizi.

Shangazi mwenyewe alifika mwezi wa saba, wakati Meru imejifunika mawingu na Arusha yote inatembea imekunja mikono kwapani. Hakuwahi kuja kwetu hata mara moja, kwa kuogopa baridi. Alishuka kwenye basi na khanga tatu mabegani, koti la marehemu mumewe, na kofia aliyopewa na watu fulani wa mradi, yenye picha ya pweza anayetabasamu. Mkononi hana kitu. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia marahaba meno yakigongana, kisha akasema, "Hivi nyie mnaishi humu kwa kosa gani?"

Nyumbani Baba alimjibu salamu kwa sababu dini inamlazimisha, akageukia redio. Shangazi hakukaa hata chini, akasema kilichomleta. Muda wa kufunga mwamba ulikuwa unakwisha. Kijiji kitakaa mkutano, ama mwamba uendelee kufungwa kwa zamu, ama ufunguliwe moja kwa moja na habari ya kufunga ife. Wachuuzi na wazamiaji vijana walikuwa wengi, na walikuwa na hoja moja tu: pweza ndivyo walivyo. Siku zote wamekuwa saizi hii. Hawa bibi wanatutungia hadithi.

"Na mimi sina cha kuwaonyesha," akasema. "Mama kafa. Picha hatukupiga, nani angepiga picha pweza? Nakuomba uje kaka, useme tu uliyoyaona utotoni. Ukifunguliwa sasa, hautafungwa tena mimi nikiwa hai. Na hautakuwa na kitu."

Baba akaongeza sauti ya redio.

Niliona uso wa shangazi nikaona aibu. Nilitaka kuzima ile redio nikashindwa, na nilikuwa mtu mzima mwenye saluni yangu na watoto wawili. Mama ndiye aliyeokoa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, hebu nisaidie, kaniletee mchele stoo."

Mchele ulikuwa jikoni. Nilikuwa nimeuona.

Shangazi akatoka. Tukangoja. Hakurudi. Nikamfuata, nikamkuta kasimama mbele ya ule mlango, mkono mmoja mdomoni. Kisha akachuchumaa mpaka chini, kwenye alama za bibi, akazipapasa kwa kidole moja moja. Koti linaburuta kwenye vumbi. Baba naye akaja, nadhani kwa wivu wa mlango wake, akasimama nyuma yangu.

Shangazi alianza kuongea bila kugeuka. "Hapa ndipo walipoanza kuvua kwa baruti," akasema, kidole kikiwa kwenye alama iliyoruka juu ya wenzake. "Mwamba wa nje wote uligeuka kokoto." Akapanda. "Hapa mikoko ya upande wetu iliisha. Wengine walikata nguzo. Mimi nilikata ya kuchomea chokaa, mimi mwenyewe, nilikuwa nasomesha watoto." Akapanda tena, sasa amesimama. "Hapa waliingia wachuuzi wenye magari ya barafu. Hata kitoto cha jana walinunua."

Alama ya mwisho ilikuwa juu, ilibidi anyooshe mkono. Aliigusa kwa ncha ya kidole.

"Hii," akasema, "nilitembea bamvua nzima, siku nne, nikampata huyu peke yake. Nikakuletea wewe. Wanangu walikula wali mtupu. Ukapiga simu ukaniuliza wakubwa nimemwachia nani."

Nilimwangalia Baba. Sijawahi kumwona vile, na nilimwona siku ya mazishi ya mama yake.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia kila mwaka, kaka. Ulikuwa unakata simu."

Hakuna aliyejua la kufanya. Baba akafanya analolijua: akaenda kuchukua bisibisi. Alifungua bawaba zote tatu, akaushika ule mlango kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani, akauegemeza ukutani. Kisha akaniita nishike uzi, kama zamani, tukahamisha alama zote kwenye fremu, moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya magotini. Ilituchukua mchana kutwa. Nilipofika kwenye alama ya mwaka niliomaliza shule ya msingi nilisimama kuiangalia. Ilikuwa chini ya kidevu changu, na mimi nilikumbuka iko machoni.

Jioni Mama akatoa hukumu. Kwao mtu anayemsingizia mgawa maji anatozwa mbuzi wawili.

"Mimi mtu wa pwani," Baba akasema, lakini bila nguvu.

"Umekula ndizi zetu miaka mingapi? Nakupunguzia mmoja."

Mbuzi akachinjwa. Shangazi alikula zaidi ya wote, akasema nyama ni tamu ila inahitaji nazi. Sehemu ya pili ya adhabu, ya kusimama mbele ya watu, ikabaki inadaiwa, kwa sababu Baba miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua na safari ya basi asingeiweza. Mlango ndio uliokwenda. Tuliupeleka stendi tumeufunga magunia, na yule karani, aliyekuwa na mvi sasa, akauzunguka mara mbili. "Miaka yote mnapokea maiti," akasema, "leo ndiyo mnapeleka jeneza?"

Siku ya mkutano Baba alikuja saluni kwangu Sombetini, maana nyumbani mtandao ulikuwa unakatika. Nilikuwa na wateja watatu, mmoja nimemsuka nusu kichwa. Baba alikaa katikati yao na kanzu yake, akampigia shangazi, akaweka simu mapajani. Tulisikia upepo, watoto, mtu anakohoa, kisha mzozo. Kijana mmoja alikuwa anasema mlango hata yeye anao nyumbani, wampe msumari dakika kumi tu na atachora pweza wa urefu wa mnazi. Watu wakacheka. Tukasikia shangazi anabishana, sauti yake ikizidiwa na kicheko.

"Niwekee spika," Baba akamwambia shangazi.

"Assalamu alaykum," akasema. "Mimi ni kaka yake huyu mama. Naongea kutoka Arusha."

Halafu mzee mmoja akapaza sauti, "Arusha? Si ndiye yule anayelalamika?" Na kicheko kikaanza. Mwingine akasema hata yeye alipokwenda hospitali kule alilishwa kesi ya pweza mpaka akasahau ugonjwa. Mwingine akasema marehemu baba yake alibebeshwa ujumbe huohuo. Mwanamke mmoja akasema, jamani, huyu mtu analalamika toka mimi sijaolewa! Kila mtu alikuwa na wake. Wateja wangu walicheka mpaka yule wa nusu kichwa akatokwa na machozi. Baba hakucheka.

"Ndiyo mimi," akasema walipotulia. "Nimelalamika kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa na sababu, kwa sababu kila mwaka pweza alikuwa mdogo kuliko wa mwaka uliotangulia. Nyie wote ni mashahidi, nimewachosha wenyewe. Ila nilikosea mtu. Pweza walikuwa wanaisha, mimi nikamshitaki aliyekuwa ananipa. Nilimwita dada yangu mchoyo kwa watu wote mliopita kwangu. Nimekosa. Mwambieni kila aliyeusikia ule ujumbe kwamba nimekosa."

Alishikilia ile simu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia na kitana mkononi, sioni hata nywele za mtu.

Yule kijana wa mlango hakuongea tena. Walikubaliana mwamba ufungwe kwa zamu, miezi hii upande huu, miezi ile upande ule, na mlango wetu wakaufunga kwenye banda la mapokezi ya samaki, ambako nasikia upo mpaka leo na mtu kashaandika namba yake ya simu juu yake. Sitasema bahari imepona. Shangazi mwenyewe hasemi. Baruti bado husikika, na mikoko waliyopanda nusu yake imekufa.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kapu. Nililiendea mimi stendi. Karani hakusema maiti safari hii, alinipa pole, na nilimchukia kidogo kwa ajili ya hiyo adabu.

Stoo yetu sasa ina pazia la khanga. Nilimning'iniza pweza kwenye msumari mpya juu ya fremu, nikamnyoosha, nikatafuta bisibisi kwenye sanduku la Baba. Mama alisimama mlango wa jikoni kafunga pua kwa mtandio, lakini alisimama. Mnyiri ulishuka vidole vinne chini ya alama ya mwisho aliyoiweka Baba. Nilikwaruza, nikaandika mwaka. Kisha, sijui kwa nini, nikachuchumaa mpaka kwenye alama za bibi, nikaangalia juu. Njia ilikuwa ndefu mno.

Nikampigia shangazi. Nilikuwa nimepanga kushukuru. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kapu limefika?"

"Limefika." Nikarudi nyuma hatua mbili, nikatia mkono kiunoni. "Mdogo huyu," nikasema. "Wakubwa umemwachia nani?"

Nilidhani amekata, na ingekuwa haki yake. Halafu nikamsikia anavuta pumzi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Alicheka, kisha kicheko kikawa kilio, kisha akanitukana tusi moja la pwani ambalo Mama alilisikia toka jikoni na akauliza maana yake.

"Na mwakani," shangazi akasema, akipenga kamasi, "unipigie tena unigombeze hivyohivyo."